Nyasi Bahari za Unguja: Historia ya Uwanda Unaofunikwa na Maji

Nyasi bahari ni mimea itoayo maua. Ina mizizi, ina shina linalotambaa ndani ya mchanga, ina majani na mbegu, na huishi maisha yake yote katika maji ya chumvi. Asili yake ni mimea ya nchi kavu iliyorudi baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Mwani, ambao mara nyingi hutajwa pamoja nayo, ni jamii nyingine kabisa: hauna mizizi ya kweli, hauchanui wala hauzai mbegu. Duniani kote zinajulikana aina zipatazo 70 tu za nyasi bahari. Katika Ghuba ya Chwaka peke yake, mashariki ya Unguja, wataalamu wamehesabu 11.

Unguja haina mbuga pana za majani kama zile za bara. Upande wa magharibi kuna udongo mzito wa minazi, mikarafuu na michungwa. Mashariki na kusini kuna maweni, ardhi ya matumbawe ya kale yenye vichaka na udongo haba. Uwanda wa maua wa kisiwa hiki uko baharini, kati ya ufuo na mwamba. Maji ya bamvua huko hupanda na kushuka karibu mita 4. Yakikupwa, mtu hutembea mbali sana na nyumba za kijiji akikanyaga majani mabichi yaliyolala upande mmoja, na kila hatua kuna kaa, chaza, kauri au tundu la pweza. Yakijaa, samaki huingia kula mahali palepale alipopita mtu.

Maua yenyewe huonwa na wachache, kwa kuwa mengi ni madogo, hayana rangi ya kuvutia, na chavua yake husafiri ndani ya maji ikiwa katika umbo la nyuzi nyembamba. Aina moja huchavushwa usoni mwa maji kwa namna ya pekee, nayo ni kubwa kuliko zote zinazoota Unguja: Enhalus acoroides, yenye majani kama utepe yanayoweza kuzidi urefu wa mita 1. Ua lake la kike hukaa juu ya kikonyo kirefu kinachofika usoni mwa maji yakikupwa wakati wa bamvua. Maua ya kiume, madogo kama punje nyeupe, huachana na mmea wao, huelea, na kusukumwa na upepo hadi yanaswe na petali za ua la kike. Baada ya hapo kikonyo hujikunja na kulivuta tunda chini, karibu na mchanga. Anayepita Chwaka asubuhi ya maji makavu, katika msimu wa kuchanua, huweza kuona punje hizo zimekusanyika kama povu jepesi na asijue kwamba anatazama uzazi wa mmea.

Aina nyingine zina tabia tofauti, na tofauti hizo ndizo zilizoamua sehemu kubwa ya historia inayofuata. Halophila ovalis, yenye vijani vya duara vya ukubwa wa ukucha, huota upesi na hufa upesi. Mchanga ukifukuliwa, yeye huwa wa kwanza kurudi. Thalassia hemprichii hukua polepole na kufunga mchanga kwa mashina yaliyosokotana. Thalassodendron ciliatum ina shina gumu kama la mti, hupenda mahali penye mkondo karibu na mwamba, na mche wake huanza kukua ukiwa bado umeshikwa na mama. Ikiharibiwa, hungojewa miaka.

Mawili kati ya majina hayo ya kitaalamu yametoka Bahari ya Shamu. Peter Forsskål, mwanasayansi wa msafara wa Denmark uliokwenda Uarabuni, alifariki Yemen mwaka 1763, na maelezo yake ya mmea unaoitwa leo Thalassodendron ciliatum yalichapishwa mwaka 1775. Thalassia hemprichii inabeba jina la Wilhelm Hemprich, Mjerumani aliyekusanya viumbe katika bahari hiyohiyo miaka ya 1820. Mimea waliyoiandika wao ilikuwa imekwisha kujulikana kwa nyayo na mikono ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ushahidi wa ujuzi huo uko Unguja Ukuu, mji wa kale wa kusini mwa kisiwa uliostawi kati ya karne ya 6 na ya 10. Katika majalala yake wanaakiolojia wamefukua magamba ya chaza na mifupa ya samaki wa maji madogo, jamii ya changu na pono miongoni mwao. Samaki hao hula na kujificha katika nyasi bahari wakiwa wadogo, na wengine maisha yao yote. Mji uliofanya biashara na Ghuba ya Uajemi na kutumia vyombo vya kauri vya China ulikula kila siku chakula kilichotoka umbali wa kutembea kwa miguu.

Kazi katika uwanda huo iligawanywa, na kwa sehemu kubwa ingali imegawanywa, kati ya wanaume na wanawake. Wanaume walitega madema, mitego iliyosukwa kwa fito na kuzamishwa kwa mawe, ikitiwa chambo cha majani na mwani kwa ajili ya tasi na pono. Walisimamisha nyuzio za kuzuia samaki wanaorudi na maji, wakavua kwa mshipi wakiwa ndani ya ngarawa. Wanawake na watoto walishuka kwa miguu maji yakikupwa: wakachokoa pweza, wakaokota kombe na chaza, wakatanda kwa nguo, wawili wawili, kunasa dagaa na kamba wadogo. Taarifa za serikali za zamani zilihesabu vyombo na wavuvi wa kiume. Kitoweo kilicholetwa na wanawake kwenye pakacha hakikuandikwa humo, ingawa siku za upepo mkali, vyombo vinaposhindwa kutoka, ndicho kilichokuwa kikiliwa.

Utaratibu wa kazi hiyo uliwekwa na mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, na bamvua hufungua uwanda wote hadi karibu na mwamba kwa siku chache. Kisha hufuata maji mafu, yasiyokupwa sana wala kujaa sana, na sehemu kubwa ya nyasi hubaki imefunikwa, bila nyayo wala mchokoo. Upepo nao uliweka mapumziko yake: kusi ikivuma kwa nguvu, upande wa mashariki wa kisiwa hauendeki siku nyingi. Mgeni aliyekuja kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, katika maji ya kijiji alitakiwa kubisha hodi kwa wazee, na katika vijiji vya kusini wavyale, walinzi wa mizimu ya mahali, walikuwa na kauli kuhusu nyakati na sehemu za kuvua. Hakuna katika mambo hayo lililoitwa uhifadhi. Hata hivyo, kwa karne nyingi uwanda ulipata kupumzika mara mbili kila mwezi, kama vile mkulima wa maweni alivyoliacha konde lake lirudi kichaka kabla ya kulilima tena, na jambo hilo lina uzito zaidi kuliko sheria nyingi zilizokuja baadaye.

Mavuno makubwa ya kwanza ya kibiashara yaliyogusa uwanda huu yalikuwa ya kauri. Mwaka 1845 mfanyabiashara wa Hamburg, Adolph Jacob Hertz, alianza kupeleka kauri za Afrika Mashariki hadi Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Nyumba ya O'Swald, pia ya Hamburg, ikafungua ofisi Zanzibar mwaka 1849 na kuikuza biashara hiyo. Kauri ya huku ilikuwa kubwa kuliko ile ya Maldives iliyozoeleka Afrika Magharibi, na bei yake ilikuwa ndogo mno. Maelfu ya tani zilipakiwa, hadi fedha hiyo ikapoteza thamani kule ilikokwenda. Mji Mkongwe ulikuwa ghala na bandari. Waliookota walikuwa watu wa pwani, Unguja na Mrima, wakiinama juu ya nyasi na mawe maji yakikupwa. Kauri hula viumbe vidogo vinavyoota juu ya mawe na majani. Kuondolewa kwake kwa wingi namna ile yaelekea kuliacha alama katika uwanda, ila hapakuwa na mtu wa kuipima.

Katika karne ya 20 wanawake wa mashariki na kusini walikuwa na kazi nyingine ufuoni: kufukia makumbi. Makumbi ya nazi yalizikwa katika mchanga wa maji yanayopwa na kujaa, yakazungushiwa mawe, na kuachwa miezi mingi hadi yalainike. Kisha yalifukuliwa, yakapondwa, na usumba wake ukasokotwa kamba. Mashimo hayo yalikaa sehemu ya juu ya ufuo, ambako nyasi ni haba, kwa hiyo uharibifu wake ulikuwa mdogo. Kazi hiyo inastahili kutajwa kwa sababu inaonyesha kwamba wanawake walikuwa na maeneo yao baharini, yanayojulikana nani ni wa nani, muda mrefu kabla ya kilimo cha mwani kuja na vigingi vyake.

Pwani ya mji ilikuwa na hatima tofauti. Mji Mkongwe ulijengwa juu ya rasi iliyokaribia kuwa kisiwa. Mkono wa bahari ulipita nyuma yake, ukiitenga na Ng'ambo, na daraja lililouvuka ndilo lililoacha jina la Darajani. Maji hayo yalifukiwa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kazi ikamalizika miaka ya 1950, na barabara, viwanja na soko vikakaa juu yake. Mabomba ya maji machafu ya mji yalielekezwa baharini bila kusafishwa. Rutuba ya maji hayo haiui nyasi moja kwa moja. Huotesha ukoga na mwani mwembamba juu ya majani, ukazuia mwanga, na mmea usiopata mwanga hula akiba ya mizizi yake hadi ikaisha. Ukitoka Forodhani kwenda visiwa vya Bawe au Changuu, nyasi huwa nzuri zaidi kadiri mji unavyoachwa nyuma.

Wanyama wakubwa waliokula nyasi hizo walipungua katika kipindi hichohicho. Kasa wa kijani wangali wanakuja, na huko Nungwi wanakijiji walianzisha bwawa la Mnarani mwaka 1993, ambamo kasa walionaswa kwenye nyavu hutunzwa kabla ya kurudishwa baharini. Nguva, mnyama ambaye chakula chake karibu chote ni nyasi bahari, amekaribia kutoweka katika maji ya Unguja. Majarife yaliwanasa wakazama kwa kukosa hewa, na waliosalia Tanzania wako hasa kati ya mdomo wa Rufiji, Mafia na Kilwa. Pamoja na nguva imepotea kazi yake: alifukua mashina, akafungua mianya, na kutoa nafasi kwa aina zinazoota upesi. Uwanda usio na nguva si uwanda uleule aliouona mvuvi wa karne ya 19.

Utafiti wa kisayansi ulipata makao Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950, lilipoanzishwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi wa Bahari la Afrika Mashariki. Shughuli yake kubwa ilikuwa samaki wa maji makuu. Nyasi zilipata watafiti wao baada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuunda Taasisi ya Sayansi za Bahari mwaka 1978 na kuiweka Mizingani, mbele ya bandari ya Mji Mkongwe. Kwa ushirikiano na vyuo vya Sweden, taasisi hiyo iliifanya Ghuba ya Chwaka, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 50, kuwa moja ya ghuba zilizochunguzwa zaidi katika Bahari ya Hindi Magharibi. Kitabu kizima juu ya watu, mazingira na utafiti wa Chwaka kilichapishwa mwaka 2012 na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari iliyoanzishwa mwaka 1993 na yenye makao yake Zanzibar.

Wakati watafiti wanapanga vifaa vyao, uwanda ulikuwa unabadilika mbele ya macho yao. Mwani wa porini ulikuwa umeokotwa na kuuzwa nje kwa miongo kadhaa, na ukapungua. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ametetea kwa muda mrefu wazo la kuulima. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani kwa mbegu kutoka Ufilipino, za aina mbili zinazojulikana kwa wakulima kama spinosum na kottonii. Vigingi hupigwa mchangani, kamba hufungwa baina yake, na vipande vya mwani huning'inizwa kwa tai-tai. Baada ya wiki kama sita huvunwa, huanikwa na kuuzwa. Katika miaka michache tu maelfu ya wanawake wa Unguja na Pemba waliingia katika kilimo hicho. Kwa wengi wao zilikuwa fedha za kwanza kuzishika wenyewe, zikajenga nyumba na kulipa ada za skuli. Kusokota usumba kuliachwa na wengi.

Mashamba hayo yaliwekwa mahali ambapo nyasi bahari zimestawi, kwa kuwa mchanga ulikuwa imara na maji ya kina kinachofaa. Baadhi ya wakulima walizing'oa kwanza, wakiamini kwamba zinashindana na mwani. Mahali ambapo hazikung'olewa, mwani ulizifunika na kivuli, na nyayo zikazikanyaga kila bamvua. Utafiti uliofanywa Chwaka katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba chini ya mashamba nyasi zilikuwa chache, fupi na nyepesi kuliko nje yake, na wanyama wanaoishi katika mchanga walikuwa wamepungua. Hapo ndipo mapumziko ya kale yalipokatika. Vigingi hukaa mwaka mzima, na mwani huendelea kutia kivuli hata siku za maji mafu.

Ni makosa, hata hivyo, kuwabebesha wanawake hao mzigo wote. Katika miaka hiyohiyo juya, wavu wa kukokotwa chini, lilikuwa likipita juu ya nyasi za ghuba kila siku maji yaliporuhusu. Kamba yake ya chini hukwangua mchanga, hung'oa mashina na kukusanya samaki wa kila umri. Wategaji madema wa kijiji cha Marumbi, ambao mitego yao ilivutwa na kuvunjwa, waligombana kwa miaka mingi na wavuvi wa juya wa Chwaka. Sheria ilikuwa upande wa Marumbi, kwani uvuvi wa kukokota umekatazwa. Lakini juya huajiri vijana wengi kwa mara moja, na kijana asiye na chombo wala mtaji hupata fungu lake jioni hiyohiyo. Desturi ya Chwaka ililihesabu kuwa kazi halali, na katazo la karatasi halikuweza kushindana na hesabu hiyo. Maricela de la Torre-Castro wa Chuo Kikuu cha Stockholm, aliyeishi na kufanya utafiti katika ghuba hiyo na kutoa tasnifu yake kuhusu binadamu na nyasi bahari mwaka 2006, ndiye aliyelieleza suala hili kwa kina: kanuni ya serikali, desturi ya kijiji na imani ya mvuvi vilivuta kila kimoja upande wake.

Utafiti wake na wa wenzake uliochapishwa mwaka 2014 uligusa jambo jingine lenye maana. Walipolinganisha maeneo ya kuvulia katika ghuba, yaani mikoko, matumbawe na nyasi, nyasi ndizo zilizoleta faida kubwa zaidi kwa jamii nzima ya kijiji. Watalii na wafadhili walikuwa wakitazama matumbawe, na chungu cha Chwaka kilikuwa kinajazwa na nyasi.

Hoteli nazo zilikuja. Baada ya sheria ya uwekezaji ya mwaka 1986, ufuo wa mashariki kutoka Nungwi hadi Makunduchi ulianza kujengwa. Wageni walitaka mchanga mweupe usio na kitu, na majani yaliyotupwa ufuoni na mawimbi yakageuka taka za kufagiwa kila alfajiri. Majani hayo ni sehemu ya ufuo: hunasa mchanga, hupunguza nguvu ya mawimbi na kulisha viumbe vidogo ambavyo ndege wa pwani huvila. Zamani yalichukuliwa pia kuwa mbolea. Weupe wenyewe wa mchanga wa Chwaka na Paje unatokana kwa kiasi kikubwa na mwani wa chokaa uitwao Halimeda, unaoota katikati ya nyasi na kuvunjika ukawa chembe. Anayeharibu nyasi ili kupata ufuo mzuri anaukata ufuo huo kwenye chanzo chake.

Hasara nyingine ilitoka kwa kiumbe mdogo, nungunungu wa baharini mwenye miiba, aina ya Tripneustes gratilla. Yeye hula nyasi, na samaki kama kikande humla yeye. Vikande vikivuliwa kupita kiasi, nungunungu huongezeka hadi hutembea kundi zima na kuacha mchanga mtupu nyuma yake. Hali hiyo iliumiza sana vitanda vya Thalassodendron katika pwani ya kusini ya Kenya, karibu na Diani, na Unguja pia makundi hayo yameonekana. Picha za setilaiti za Chwaka za mwaka 1986 hadi 2003 zilitoa taswira iliyo na mchanganyiko: mahali fulani nyasi zilitoweka, mahali pengine zilienea upya. Maana yake ni kwamba uwanda huu una uwezo wa kujirudisha pale anayeuumiza anapoondoka.

Hatua za ulinzi zilianza kuwekwa miaka ya 1990. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji, ilitangazwa mwaka 1994 na uvuvi ukafungwa upande wa magharibi wa kisiwa hicho. Eneo la Hifadhi ya Ghuba ya Menai, lenye kilomita za mraba 470 kusini-magharibi ya Unguja, lilitangazwa mwaka 1997 kwa msaada wa WWF, likiwa na kamati za wavuvi za vijiji. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilifuata mwaka 2004, ikiunganisha msitu wa Jozani, makao ya kima punju, na mikoko inayopakana na nyasi. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 iliipa nguvu zaidi mikataba ya serikali na kamati za shehia. Kamati hizo zimefanya kazi vizuri pale zilipokuwa na boti ya doria na mafuta. Penye uhaba wa vitu hivyo, zimebaki na mihuri tu.

Njia iliyopokewa na wavuvi kwa wepesi zaidi ni ya kufungia pweza. Shehia hukubaliana kufunga kipande cha mwamba na nyasi kwa miezi michache, kisha hukifungua siku ya bamvua. Pweza hukua upesi mno, hivyo uzito wa mavuno ya siku ya kwanza huwa mkubwa na kila mtu huuona kwa macho yake. Desturi hii ilienea kwanza katika vijiji vya Madagascar, ikafika Pemba na kusini ya Unguja kupitia mtandao wa jamii za pwani wa Mwambao. Kwa nyasi faida yake huja kando: miezi bila nyayo, bila michokoo inayopindua mawe, bila nanga. Wazee wa Kizimkazi, huko kusini, hawakuhitaji kufundishwa sababu yake.

Kupanda nyasi upya kwa mikono ni kazi ya juzijuzi katika bahari hii. Mfano mkubwa kabisa duniani uko Virginia, Marekani. Ugonjwa uliozuka miaka ya 1930 na kimbunga cha mwaka 1933 vilimaliza nyasi za ghuba zake za upande wa bahari kuu, na kwa zaidi ya miaka 60 hazikurudi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 watafiti na watu wa kujitolea walikusanya mbegu na kutawanya zaidi ya milioni 70. Leo maelfu ya hekta yamefunikwa tena. Siri yake ilikuwa kwamba maji yalikuwa safi na kilichokosekana ni mbegu tu. Afrika Mashariki hali ni kinyume: mbegu na mashina yapo karibu, ila chanzo cha uharibifu mara nyingi kingali palepale.

Nchini Kenya, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi imejaribu pamoja na vikundi vya vijiji vya pwani ya kusini, Wasini kikiwa kimojawapo, kupanda vipande vya nyasi na kuvishikiza chini kwa magunia ya katani ambayo huoza mizizi ikishashika. Msumbiji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane wamepanda katika Ghuba ya Maputo. Uzoefu huo ulikusanywa mwaka 2020 katika mwongozo wa urejeshaji wa nyasi bahari kwa nchi za Mkataba wa Nairobi. Kabla ya kupanda popote kuna swali ambalo wafadhili hulipita haraka: nyasi za hapa zilikufa kwa nini? Kama ni juya, nungunungu au maji machafu, na sababu hiyo haijaondoka, mche wa leo utakufa kesho kutwa.

Sababu ikishaondolewa, kazi huwa ya subira. Mpandaji huchagua eneo lenye kina, mchanga na mkondo unaofanana na wa nyasi zilizo hai jirani, na huchukua miche kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi ili asifungue jeraha jipya. Mche huchimbuliwa na donge la mchanga wake, au huchukuliwa kipande cha shina chenye ncha inayokua, kwa sababu shina lisilo na ncha halitambai. Hupandwa wakati wa maji mafu, siku ambazo mkondo ni hafifu. Aina za haraka, kama Halophila na Halodule, hutangulia kufunga mchanga. Za polepole hufuata. Kisha huhesabiwa, kwa fremu ya mraba ya nusu mita inayolazwa juu ya uwanda kila baada ya miezi kadhaa: asilimia ya mchanga iliyofunikwa, aina zilizomo, urefu wa majani, na maua au matunda yakionekana. Halophila hutoa jibu ndani ya miezi. Thalassodendron na Enhalus huhitaji miaka, na mradi wa miaka mitatu huisha kabla jibu lake halijafika.

Mabadiliko makubwa zaidi yanayoendelea sasa yanatoka tena kwa wakulima wa mwani. Tangu miaka ya 2000 kottonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa katika maji madogo ya Unguja kwa joto na maradhi, na wengi wamebaki na spinosum ya bei ndogo. Dk. Flower Msuya, akiwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, aliwafundisha wakulima kutumia mirija ya nyavu na kamba zinazoelea katika maji ya kina. Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, iliyoundwa mwaka 2020, imechukua mwelekeo huohuo na kugawa boti kwa vikundi. Kilimo kikihamia kina, vigingi hutoka juu ya nyasi na kivuli huondoka. Lakini wanawake waliozoea kutembea hadi shambani sasa wanahitaji kuogelea, chombo na mafuta, na penye hayo wanaume huingia haraka. Huko Paje na Jambiani, baadhi ya mashamba ya zamani yameachwa kwa hoteli na michezo ya upepo. Katika yale yaliyoachwa bila kazi yoyote, Halophila huwa ya kwanza kuonekana kati ya vigingi vilivyooza, na baada yake majani membamba ya Halodule.